Vichwa Ishirini na Nguo za Sultani

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, na katika mambo aliyotusimulia kuhusu mji ule, mojawapo ni habari ya nguo. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa anatoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwita kwa jina la sifa alilojulikana nalo, Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Sultani akaitika. Fakiri akasema anataka nguo hizo alizovaa. Utapewa. Nazitaka sasa hivi. Haya, sasa hivi. Sultani akarudi ndani, akaingia chumba cha khatibu, akabadilisha nguo, kisha akamwambia fakiri aingie achukue zake. Fakiri akazifunga kwenye kitambaa, akajitwika, akaenda zake. Watu wakamsifu sana mtawala wao kwa ukarimu na unyenyekevu.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasomea watoto darasani. Lakini inaendelea. Mwana wa sultani, mrithi wake, akazikomboa zile nguo kutoka kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Na sultani aliposikia jinsi tendo lake linavyosifiwa mjini, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi, pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sasa nauliza, na nauliza kweli, si kwa kejeli: mtu huyu alikuwa mkarimu?

Mwaka juzi nilikwenda kulitembelea eneo lenyewe. Mimi kwetu ni Kerenge, Korogwe, na kutoka Kerenge hadi Kilwa Masoko ni safari ya kukata roho: unashuka Korogwe mjini, unapita Segera, Chalinze, unalala Dar, alfajiri unakwenda Mbagala kudaka basi la kusini, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na Nangurukuru unaacha njia ya Lindi na kukunja kushoto kuelekea baharini. Nilikuwa na rafiki yangu, mwalimu wa historia, ambaye kazi yake njia nzima ilikuwa kulalamika kwamba miaka yote anafundisha Kilwa kwa kuchora ramani ubaoni na hajawahi kuiona. Kibali unalipia upande wa Masoko kabla ya kuvuka. Kisha unatafuta mashua. Kuna za mashine na kuna za tanga. Tulichukua ya tanga kwa sababu ya bei, wala si kwa ajili ya mapenzi ya bahari. Sisi watu wa mabonde ya Usambara bahari hatuizoei hivi hivi. Mkondo ni mwembamba tu, kama kilomita mbili, lakini nilishika ubao wa mashua kana kwamba tunakwenda Comoro.

Kitu cha kwanza unachokiona ng'ambo ni Gereza, ngome iliyosimama ufukweni karibu na mikoko. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuvamia mji na kuupora. Kuta unazoziona leo kwa sehemu kubwa ni za enzi ya Waomani, karne tatu baadaye. Ukipita hapo, ukatembea kwa miguu kati ya minazi na vichaka, unaufikia Msikiti Mkuu.

Sitajaribu kuficha kwamba ni mzuri. Nilikuwa nimejiandaa kuona mawe, maana picha nyingi zinaonyesha mawe. Lakini ukiingia ndani unakuta nguzo zimepangwa safu kwa safu, zikibeba matao, na juu ya matao kuna vikuba. Vingine vimeanguka na kuacha mduara wa mbingu, vingine viko vilevile. Mwanga unashuka kwa vipande. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe zaidi, ina umri wa kama miaka 900. Ule upanuzi mkubwa wa kusini ni wa huyu huyu al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Paa lake liliporomoka, na nguzo nyingi zinazosimama leo ni za matengenezo ya karne ya 15. Kila kitu ni matumbawe na chokaa: jiwe limechimbwa baharini na kuchongwa lingali laini, na chokaa imechomwa kwa kuni na matumbawe hayo hayo. Nje kuna kisima na mahali pa kutawadhia. Rafiki yangu mwalimu alinyamaza, jambo ambalo kwa saa kumi na mbili zilizotangulia halikuwa limetokea.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa kisiwani, mtu wa maneno machache. Tulipofika kizingitini nilimuuliza kama tuvue viatu.

"Hapasaliwi tena hapa," akasema. "Kuna miiba, na mbuzi wanapita. Wewe tu na roho yako."

Yeye alikuwa na kandambili. Nilimwona, tulipokaribia kibla, akizivua bila kusema kitu na kuzishika mkononi. Nikavua zangu. Mwalimu naye akavua, akachomwa na mwiba papo hapo.

Mzee akatusimulia ile habari ya nguo. Anaisimulia vizuri, kwa sauti ya chini, akionyesha kwa mkono: hapa sultani alipita, hapa fakiri alisimama. Akafika pale watu wanapomsifu sultani, akanyamaza. Nikasubiri. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Mzee wangu, samahani," nikasema. "Na wale watumwa?"

Akageuka, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Wamo," akasema. "Lakini wageni hawaulizi, mwanangu. Ukiwataja, watu wananyong'onyea, na safari yenyewe ya siku moja."

Sikumlaumu na simlaumu. Mtu anaishi kwa wageni, na mgeni amekuja kustarehe. Ila lile neno, *wamo*, limenikaa kichwani. Wamo kwenye hadithi kama vile mizigo ya pembe ilivyomo. Ibn Battuta anawahesabu kwa vichwa, kumi na kumi, bila jina, bila kabila, bila kutaja kama ni wanaume, wanawake au watoto. Nguo angalau tunajua zilifungwa kwenye kitambaa.

Waswahili tuna msemo: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maana yake inajulikana. Usidhani anayetoa anatoa kwa kuwa anacho. Anatoa kwa kuwa ana moyo. Ni msemo wa kumtetea maskini mkarimu na kumsuta tajiri bahili, na nimeusikia ukitumika hivyo maisha yangu yote, misibani na harusini. Ila umekaa kimya juu ya jambo moja: kinachotolewa ni cha nani? Unachukulia kwamba hilo limeshamalizika kabla mkono haujanyooshwa. Kwa sultani wa Kilwa halijamalizika.

Tuitazame ile zawadi kwa utaratibu. Nguo zilikuwa zake, hilo sawa. Alizitoa akiwa na nyingine za kubadilisha chumba cha pili. Hakutembea uchi hata hatua moja. Hata hivyo nampa haki yake: alisimamishwa njiani na ombaomba, akaitika kwa upole, akatii mbele ya watu. Watawala wangapi leo unaweza kuwasimamisha wakitoka kusali? Walinzi wangekubeba msobemsobe kabla hujamaliza salamu. Wazee walisema Mgala muue na haki mpe, nami naitoa haki hiyo kwa moyo mweupe. Unyenyekevu ulikuwepo.

Ila zawadi ya pili, ile ya vichwa kumi vya nyongeza, ilikuja baada ya sifa kumfikia. Hakuna aliyeiomba. Fakiri alikuwa keshalipwa na mrithi, tena kupita kiasi. Mtu aliyekuja kuomba kanzu sasa ana watu kumi wa kulisha. (Sijui wasomaji wenzangu mmewahi kumfikiria huyu fakiri jioni ile. Ametoka nyumbani hana kitu, amerudi na watu ishirini nyuma yake na pembe za ndovu. Fakiri gani tena huyo? Bila shaka kabla jua halijazama sana alikuwa anatafuta mnunuzi.) Sultani alipoongeza kumi, alikuwa anailipa ile sifa. Na aliilipa kwa watu wengine.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu mwalimu alinipa palepale, amekaa juu ya kizingiti anatoa mwiba mguuni. Usimhukumu mtu wa karne ya 14 kwa mizani ya karne ya 21. Enzi zile utumwa ulikuwa kila mahali, Ibn Battuta mwenyewe alikuwa na watumwa wake, ulimwengu mzima ulikuwa hivyo. Unamdai sultani mawazo ambayo hayakuwepo.

Hoja hii ina uzito, na watu wengi wakiisikia huishia hapo. Mimi naona inapwaya mahali pamoja. Mizani ninayoitaka siitoi kwetu. Ilikuwa mle mle msikitini alimotoka. Katika dini ya sultani huyu, kumwacha huru mtumwa ni katika matendo makubwa ya kheri. Ni kafara ya kiapo kilichovunjwa. Ni kafara ya kuua mtu bila kukusudia. Kati ya mafungu manane ya watu wanaostahili zaka, fungu moja ni la kuwakomboa walio utumwani. Kwa hiyo mtu aliyetaka kufanya sadaka kubwa ya Ijumaa mwaka 1331, akiwa na watu ishirini mikononi mwake, alikuwa na njia mbili mbele yake, na ya pili aliijua fika. Khatibu aliyemwazima chumba angeweza kumkumbusha. Angewaambia wale kumi: nendeni. Sifa angeipata pia, pengine hata zaidi. Alichagua kuwahamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Hivyo simpimi kwa karne yangu. Nampima kwa alichokuwa amekisikia kwenye hotuba nusu saa kabla.

Na walitoka wapi? Ibn Battuta anatuambia kwamba sultani alikuwa akivamia mara kwa mara nchi za Wazanji jirani, akichukua ngawira, na kwamba alitenga humusi yake kama sheria inavyotaka, akawapa masharifu waliomjia kutoka Hijazi, Iraki na kwingine. Huyo huyo msafiri anasema wakazi wengi wa Kilwa walikuwa Wazanji wenyewe, weusi tititi, wenye chale usoni. Jirani alimvamia jirani, kisha akapiga hesabu ya moja ya tano kwa uaminifu mkubwa. Hilo la hesabu ndilo linalonisumbua kuliko uvamizi wenyewe. Mnyang'anyi asiyejali lolote namwelewa upesi. Huyu alijali. Alitaka sadaka yake iwe safi, akaisafisha kwa uangalifu kuanzia pale ilipoanza kuwa yake. Nyuma ya hapo hakutazama.

Augustine wa Hippo, karne nyingi kabla na upande mwingine wa Afrika, aliwahubiria waumini wake jambo kama hili: msipore ili mtoe sadaka. Nadhani asingelihubiri kama watu hawakuwa wakifanya hivyo.

Nina sababu yangu ya kung'ang'ania jambo hili, na ni bora niiseme, maana vinginevyo nitaonekana nimesafiri mwendo wote ule kwenda kumgombeza marehemu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichukuliwa na Silabu, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, akaletwa Tanga pamoja na mamia ya vijana wengine. Waliitwa manamba. Neno hilo leo tunalitumia ovyo, lakini asili yake haina fumbo: kila mtu alipewa namba. Babu alikuwa 214. Mnyapara alimwita hivyo, karani aliandika hivyo, na kipande chake cha siku thelathini za kazi kilikatwa hivyo. Alioa huku, akazaa huku, Kasulu hakurudi. Alikata mkonge mpaka miaka ya 1980, wakati bei ilipokuwa imeshaangushwa na kamba za nailoni na mashamba yanaota vichaka. Aliondoka na magoti mabovu na kovu la mwiba wa mkonge chini ya jicho. Mafao aliyoambiwa angelipwa aliyafuatilia kwa miaka, ofisi hii mpaka ile, na alikufa akiwa bado na zile karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Nailoni, jamani. Hata hilo.

Sasa, mimi nilisoma sekondari miaka minne kwa msaada wa shamba lile lile. Lilikuwa limebadilisha wamiliki, na wamiliki wapya walikuwa na utaratibu wa kuwasomesha watoto wachache wa vijiji vya jirani waliofaulu vizuri. Ada, sare, godoro, ndoo. Siku ya kukabidhiwa kulikuwa na hafla, viti vya plastiki, mgeni rasmi, picha. Niliambiwa niseme neno la shukrani na nililisema. Babu alikuwa hai. Alikaa mstari wa nyuma akapiga makofi.

Nilishukuru kweli, na hadi leo nashukuru. Bila ile ada nisingekuwa naandika hapa. Lakini tangu siku ile nimebeba swali ambalo sikuwa na namna ya kuliuliza mpaka nilipoikuta habari ya fakiri wa Yemen. Kama ningehesabu miaka ya babu, siku zake, magoti yake, na zile karatasi, kisha nikahesabu ada ya miaka minne: nani anamdai nani? Je, inawezekana nilipewa kidogo katika kilichokuwa chetu, nikatakiwa kupiga magoti kukipokea? Na kama ndivyo, shukrani yangu ilikuwa ya uongo?

Nimelifikiria sana, na nilipofika ni hapa. Shukrani haikuwa ya uongo, kwa sababu yule aliyeamua kutoa angeweza kuamua kutotoa, na wengi waliamua kutotoa. Kuna mtu mahali fulani ofisini alisoma matokeo yangu ya darasa la saba akasema huyu asaidiwe. Huyo namshukuru kama fakiri alivyopaswa kumshukuru sultani kwa nguo. Ila shukrani hailipi deni la upande wa pili. Yale ni madaftari mawili. Kosa linaanza pale mtoaji anapotaka daftari la zawadi lifunge daftari la haki, kwamba kwa kuwa amekupa godoro, basi usimuulize habari za mafao. Na kosa hilo hilo linaanza upande wangu pia, nikijiona nimekuwa mwerevu sana na kuanza kusema godoro halikuwa kitu. Lilikuwa kitu. Nililalia.

Sultani wa Kilwa naye aliacha vitu viwili: jengo ambalo ni zuri kweli, na vichwa ishirini. Mtu asinilazimishe kuchagua.

Tulitembea hadi Husuni Kubwa, kilomita moja na zaidi kutoka msikitini, jumba lake juu ya mwamba linaloitazama bahari. Vyumba zaidi ya mia moja. Birika la kuogea lenye pembe nane, lililo wazi juani, ambalo sasa linashika maji ya mvua na majani. Neville Chittick alipochimba hapa miaka ya 1960 iligundulika kwamba jumba lenyewe halikumalizwa kujengwa na halikukaliwa kwa muda mrefu. Sarafu yenye jina la sultani huyu imepatikana mbali huko Zimbabwe Kuu, kwenye njia ya dhahabu iliyoshuka hadi Sofala. Dhahabu ile ndiyo iliyojenga birika. Mdogo wake Dawud aliyemrithi, anasema Ibn Battuta, alikuwa kinyume chake kabisa: ombaomba akija anamjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Watu wakimsoma Dawud humwona bahili tu. Mimi nikitazama vyumba vile mia na kitu, na lile birika, naona huenda alikuwa anasema ukweli wa mahesabu.

Mwalimu aliniuliza, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa birika, kama basi naona afadhali vitu hivi viachwe vianguke. Hapana. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, vikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kwa msaada wa fedha za Ufaransa na Japani. Wanaoijua historia watatabasamu kidogo hapo: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na sultani wa Kilwa wa siku hizo, apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Madaftari mawili tena. Lakini ukuta ukianguka hakuna mtumwa anayefaidika. Aliyechimba lile tumbawe, akalibeba begani na kuchoma ile chokaa, hakuacha alama nyingine yoyote duniani. Ukiuacha ukuta uanguke kwa kumchukia sultani, unayemfuta ni huyo.

Ninachotaka ni kidogo. Nataka mzee wetu asiishie katikati ya hadithi. Adam Shafi, katika *Kasri ya Mwinyi Fuad*, aliingia kwenye kasri kwa mlango wa watwana na wajakazi, na tangu hapo msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona jumba la fahari bila kujiuliza nani anafagia. Hilo linawezekana pia kwenye kisiwa, kwa sentensi mbili tu, palepale anaposimama. Nilimwambia mzee hivyo tukiwa tunarudi ufukweni. Alinisikiliza, akasema atajaribu kwa Waswahili kwanza, Wazungu baadaye.

"Kwa nini Waswahili kwanza?"

"Kwa sababu wao wana bibi zao wa kuwauliza."

Na mimi ninaye. Mama yangu ni Mzigua wa Handeni. Kule, njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi washuke pwani. Wengine walijiweka rehani kwa chakula, wengine walidanganywa kwamba wanapelekwa kwenye kazi, wakapandishwa majahazi na kuuzwa Benadiri, Somalia. Waliotoroka mashamba ya huko walikwenda kujificha kwenye misitu ya Mto Juba, wakaishi humo vizazi kadhaa, wakitunza Kizigua chao. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vikawafukuza tena. Baadhi walirudi upande huu wa bahari, na serikali yetu ikawapa makazi Chogo, Handeni, na baadaye uraia.

Miezi michache baada ya Kilwa nilikuwa kwenye basi dogo kutoka Mkata kwenda Handeni mjini, kumsalimia bibi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, na kikapu cha vitunguu mapajani. Aliposikia naongea Kizigua kwenye simu alicheka, akanisahihisha neno moja. Neno lenyewe bibi yangu ndiye pekee nyumbani anayelitumia bado. Nikamuuliza kwao wapi. Chogo, akasema, lakini nilizaliwa Juba. Nikamuuliza kama kule walijua wametoka Handeni.

"Tulihesabu," akasema.

Akaanza kunihesabia, kidole kwa kidole: baba yake, baba wa baba yake, na kuendelea nyuma, kila mmoja kwa jina. Kondakta alikuwa anadai nauli na yeye hakusimama. Alipofika kwa yule aliyepanda jahazi alitaja jina lake, na la mkewe, na la mtoto waliyekuwa wamembeba, kisha akatoa elfu mbili kwenye khanga na kumpa kondakta.